Mkono Wangu Ulisema Nzito

Mezani kwangu kuna kipande cha chuma. Ni bapa, urefu wake kama kiganja, kimepakwa rangi nyeusi. Kilikuwa kimegandishwa kwa gundi ndani ya kisanduku cha umeme cha kompyuta ili kisanduku kiwe kizito, basi, hakikuwa na kazi nyingine yoyote ile. Kilitengenezwa kunidanganya mimi, na kilifaulu. Kila asubuhi nakitazama kabla ya chai, na kila asubuhi hasira inanipanda upya. Kwa hiyo ninyi vijana mnaofungua vibanda vya kompyuta hapa Kindu, kaeni chini mnisikilize wakati damu bado inachemka, maana nikipoa nitakuwa mpole, na upole hauwafai.

Mimi ni Mama Sauda. Nimestaafu. Macho yangu hayaoni tena miguu ya kapasita, lakini mikono hii imelehemu redio, vikuza sauti na kompyuta za mji huu tangu wengi wenu hamjazaliwa. Najua mnaniitaje nikipita sokoni. Mnaniita Mama Mizani. Nililipenda sana jina hilo, nikawa najifanya sisikii ili mlirudie.

Tuanze na kitu chenyewe. Mtu akiunga kompyuta ya mezani, anachagua prosesa kama anayechagua mchumba. Anauliza, anarudi kesho, anauliza tena. Memori vivyo hivyo. Kioo ndiyo usiseme. Halafu akifika kwenye bloc, maana ndivyo tunavyokiita hapa kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vipande vyote, anapunga mkono na kusema, "Tia yoyote." Yoyote! Hicho ndicho kinacholisha nyumba nzima, na wewe unasema yoyote. Tena ungekuwa unakaa kwenye mji wenye umeme wa maana ningenyamaza. Wewe unakaa Kindu. Leo unatumia groupe, yaani jenereta, ya jirani, kesho betri za sola, keshokutwa waya uliovutwa juu ya mabati ya nyumba tatu na kufungwa kwenye mparachichi.

Aliyenifundisha haya ni Fundi Kalonda, mtu wa Pangi, fundi umeme wa karakana ya reli. Alikuwa na nyusi moja. Ya pili iliungua siku fulani ambayo hakutaka kuizungumzia, na ukimtazama sana upande ule alikufukuza. Siku yangu ya kwanza alinipa bloc iliyochomolewa ukutani, nikafungua skrubu nne, nikapeleka kidole ndani nione vizuri. Alinichapa mkono kwa rula ya mbao.

"Toa mukono! Ile imezimwa, haiyakufa bado!"

Nilimchukia mwezi mzima. Baadaye kidogo mwenzangu mmoja aligusa kapasita kubwa za bloc iliyokuwa imezimwa, akarushwa hadi kwenye rundo la mataruma, akakaa pale akilia na kucheka kwa pamoja. Hapo nikaelewa kwamba rula ile ilikuwa mapenzi. Zile kapasita mbili nene hubaki na umeme hata baada ya waya kutoka ukutani. Ngojeni. Nendeni mkanywe maji, mrudi, ndipo mfungue.

Kalonda alikuwa na njia yake ya kupima bloc. Kwanza aliinyanyua kwa mkono mmoja, macho amefumba, kama mama anayenunua kuku. Bloc ya kweli ina shaba ndani, ina nyaya zilizoviringishwa, ina mabati manene ya aluminiamu ya kupoza joto, na vitu hivyo vyote vina uzito. Bloc ya uongo ni debe lenye feni. Pili aliitikisa sikioni asikie kama kuna kitu kinachocheza. Tatu alichungulia kwenye matundu kwa tochi, pale waya wa ukutani unapoingilia, aone kama kuna koili na vile visahani vidogo vya buluu vinavyojitoa mhanga umeme ukipanda ghafla. Wahuni huviacha, wanaweka kipande cha waya mtupu mahali pake. Nne alishika zile nyaya za manjano, zinazobeba volti kumi na mbili, aone unene wake. Karatasi iliyobandikwa nje hakuisoma kabisa. "Karatasi inaandikwa na muntu," alisema, "na muntu iko muongo."

Mwisho ilikuja taa. Alikuwa na taa ya mbele ya lori, kubwa, ya volti kumi na mbili. Aliiunga kwenye waya wa manjano na mweusi, akaiwasha, akaweka mita ya volti pembeni, akaenda kuvuta tumbaku. Akirudi, kama mita bado inasema kumi na mbili na bloc ina joto la kawaida, aliikubali. Kama mita imeshuka hadi kumi, aliitupa nje, kweli kweli, mlangoni, na mwenye nayo akaifuate.

Ninyi mnapimaje? Nawaona. Mnachukua kipande cha waya, mnaunganisha ule wa kijani na mweusi, feni inazunguka, mnasema "iko bien." Feni kuzunguka si afya. Hata mgonjwa mahututi anapepesa macho.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanitoa machozi ya hasira wakati ninyi mnaona ni kisanduku tu.

Wakati wa vita mji wetu ulifungwa. Treni ilinyamaza. Aliyevuka mto kwenda shambani upande wa Alunguli hakujua kama angerudi. Watu walikuwa wamekimbilia msituni makundi makundi, risasi zikilia, na watoto wakapotea kwa namna ambayo hutaiamini mpaka ikufike. Mama anashika mmoja mkono, mwingine amebebwa mgongoni, wa tatu anakimbia na majirani, na njia inagawanyika. Wakirudi, majirani wamerudi bila yeye.

Wanawake sita, Wakristo na Waislamu, tukaanzisha kamati ya kuandika watoto waliopotea. Tulipewa chumba kimoja nyuma ya ghala la zamani la reli. Ndani yake wageni fulani walikuwa wameacha kompyuta moja walipokimbia. Kwa kuwa nilikuwa fundi, nikawa pia mwandishi. Karatasi hazikuwapo mjini. Tulianza kwa kuandika migongoni mwa hati za mizigo za reli, mchwa wakazila, tukahamia kwenye mashine. Kila mtoto alipewa mstari wake: jina, miaka, alama ya mwili, alivaa nini, alionekana wapi mara ya mwisho.

Hapo ikazaliwa desturi ambayo hatukuipanga. Mama alikuwa akija mjini, siku ya soko au siku ya sala, anapita kwetu. Anauliza, "Kuna habari?" Tunasema hapana. Basi anasema, "Nisomee." Nami namsomea mstari wa mtoto wake kutoka kwenye kioo, taratibu, mpaka mwisho. Anaitikia kwa kichwa, anafunga kitenge vizuri, anaondoka. Wengine hawakujua kusoma, ni kweli, lakini hata waliojua walitaka kusomewa. Nadhani walitaka kusikia mtu mwingine akilitaja lile jina.

Mmoja wao alikuwa Mama Feza wa Lokandu, muuza samaki wa kukaushwa. Mstari wake ninaujua: Amisi, miaka sita, kovu goti la kushoto la kuungua kwa uji, kaptula ya kaki, njia ya Lokandu, amebeba kuku. Kuku huyo nilitaka kumwacha siku ya kwanza, nikaona si alama. Mama Feza alinikatalia kabisa. "Mutoto alikuwa na kuku. Andika kuku."

Umeme wetu ulitoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na groupe kubwa, akitusaidia kwa waya mmoja. Groupe hiyohiyo ndiyo iliyozungusha mashine yake ya kusaga muhogo. Mashine ikianza kusaga, umeme ulianguka. Taa zinakuwa nyekundu kama makaa, na kompyuta yetu inagoma kuwaka. Siku moja akina mama wamejaa mlangoni toka asubuhi, wengine wametembea siku mbili, na mashine imekataa. Nyuma ya bloc za zamani kulikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua umeme, volti mia na kumi na tano au mia mbili na thelathini. Mita yangu ilionyesha umeme umeanguka hadi mia na thelathini na kitu. Nikajiona mwerevu. Nikaisukuma ile swichi kwenye mia na kumi na tano, na kompyuta ikawaka palepale. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilisoma mistari kumi na miwili, nikajiona mimi ndiye mimi.

Kisha muhogo wa yule tajiri ukaisha. Mashine ya kusagia ikasimama, umeme ukapanda wote kwa mara moja, na bloc yangu ikiwa imewekwa kupokea nusu yake. Mlipuko wake ulifanya akina mama wote walale chini wakidhani ni bomu. Moshi, harufu ya samaki aliyeoza, vipande vya karatasi ya kapasita hewani. Nilisimama katikati yao nimeshika bisibisi, na kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba nimewaua watoto wote mara ya pili.

Fundi Kalonda alikuja na mfuko wake. Alifungua, akachungulia, akaniuliza bila kugeuka.

"Njo wewe ulisukuma ile swichi?"

"Njo mimi, baba."

"Juu ya nini?"

"Juu courant ilikuwa chini."

"Courant ikiwa chini, muntu anangoja ipande. Sasa imepanda. Umefurahi?"

Nikalia. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa aina hiyo. Alichomoa diski yenye orodha, akaiweka mapajani mwangu niishike, akafanya kazi yake siku nzima. Alitoa kapasita kwenye televisheni mbili zilizokufa, akabadilisha fyuzi na vile visahani vya buluu vilivyopasuka. Akakata kabisa nyaya za ile swichi nyekundu ili mjinga mwingine asije akaigusa, mjinga akiwa mimi. Alipowasha kwa taa ya lori na kuridhika, tukarudisha diski. Orodha ilikuwapo. Mistari yote, mpaka kuku wa Amisi.

Ndipo aliponiambia jambo ambalo nawaachia ninyi, na ole wenu mkilisahau. "Umeona? Bloc ya muzuri inakufa peke yake. Ile ya mubaya inakufa na wenzake." Ile ya zamani ilipokea pigo lote, ikapasuka, lakini haikupitisha hata tone kwa diski. Hiyo ndiyo maana ya kuchagua bloc. Wati si hoja sana. Swali ni moja: siku itakapokufa, na hapa Kindu itakufa, itaondoka na nani?

Kalonda alifariki vita vilipokwisha. Mimi nikabaki na taa yake, rula yake, na kile kipimo chake cha mkono. Nikafungua kibanda. Nikawafundisha mafundi, na mafundi wakawafundisha wateja: bloc nzito ndiyo nzuri, nyepesi iache. Watu walikuwa wananiletea bloc barabarani, nainyanyua, nasema "hapana" au "chukua," na wanaondoka wanacheka kwa furaha. Mji mzima ukajifunza kupima kwa mkono. Hata akina baba wasiojua kompyuta ni nini walikuwa wananyanyua bloc dukani na kutikisa kichwa kama wataalamu. Nami nikavimba kichwa.

Kamati iliendelea. Watoto wengi walipatikana, Mungu ashukuriwe, wengine Kampene kwenye mashimo ya madini, wengine mbali zaidi, na kila aliyepatikana tulimtoa kwenye orodha. Waliobaki ni wale ambao hawajaonekana hadi leo. Mama zao wamezeeka, na bado wanakuja kusomewa.

Mwaka jana akina mama wa kamati wakasema ile mashine imechoka, wanataka mpya. Kazi alipewa Assani, mtoto wa kaka yangu, mtu mzima mwenye duka lake na cheti chake ukutani. Alikuja kwangu na bloc mbili kutoka dukani kwa Baba Idi, muuzaji wa pale karibu na soko. Zote mpya, zote zina picha ya radi. Barazani kulikuwa na watu.

"Shangazi, tunakamata gani?"

Nikanyanyua ya kwanza. Nyepesi. Nikanyanyua ya pili, mkono ukashuka. Nikafumba macho kama Kalonda, na najua nilifumba kwa sababu ya wale watu waliokuwa wananitazama.

"Chukua hii."

"Haufungue uone ndani? Tuweke taa?"

Jamani, yeye aliuliza! Andikeni hilo. Kulikuwa na karatasi ndogo ya dhamana juu ya skrubu, inayosema ukiichana dhamana imekufa. Nikatazama karatasi, nikatazama watu, nikasema, "Mkono wangu unatosha." Watu wakacheka, mmoja akasema Mama Mizani hajawahi kukosea. Taa ya lori ilikuwa inaning'inia msumarini nyuma yangu, hatua mbili tu.

Assani akaunga mashine. Akahamisha orodha kwenye diski mpya. Ile ya zamani akaifuta na kumpa mteja wa Kampene. Nakala aliiweka kwenye flash moja, na flash hiyo mdogo wake akaifuta na kuijaza nyimbo za harusi. Wiki ya tatu, mchana, umeme wa mtaa ukakatika ukarudi, jambo linalotokea hapa mara ngapi kwa siku? Mashine ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayepiga kofi moja. Moshi hata haukuwa mwingi. Bloc ilikufa, na iliondoka na ubao wa mashine, na memori, na diski. Tuliipeleka diski hadi Goma. Ilirudi na pole.

Nilimtukana Assani kwa ajili ya ile flash mpaka majirani wakatoka. Nilimwita majina ambayo Kalonda mwenyewe angeniambia nipunguze. Alisimama ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, akachana ile karatasi ya dhamana, akafungua skrubu nne, akanisogezea bloc.

Ndani kulikuwa na koili moja kama ya mchezo wa mtoto. Pale pa visahani vya buluu palikuwa patupu. Mabati ya kupoza yalikuwa membamba kama kifuniko cha dagaa. Na ubavuni, kwenye gundi nyeupe, kilikaa hiki kipande cha chuma.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini, "njo wewe ulisema iko nzito."

Nilichukua chuma, nikatembea hadi kwa Baba Idi nacho mkononi, bila viatu, sikujua kama sina viatu mpaka niliporudi. Nikakipiga juu ya meza yake, kioo cha kaunta kikalia.

"Hii ni nini, Baba Idi?"

Akakitazama. Hakuogopa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alishangaa kweli, kisha akafikiri, kisha akanieleza kama mtu anayeeleza bei ya chumvi.

"Mama Sauda, mi sijue ku ndani iko nini. Mi nauzisha. Lakini watu ya Kindu wanapima na mukono. Ile nyepesi inabakia pale juu miaka mbili. Nikaambia wale wa kunituma mali: leteni nzito. Wakaleta nzito."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimekuja kumtafuta mwizi, nikamkuta mwalimu wake, na mwalimu ni mimi. Kalonda alikuwa na vipimo vinne na taa. Mimi nikaufundisha mji kimoja, kile rahisi, kile cha kujionyesha, na huko mbali mtu asiyemjua Amisi wala kuku wake akasikia kwamba Kindu wanataka uzito, akakata chuma.

Hasira ninayo kwake, msidhani nimemsamehe. Yule anayekata chuma ili kukiweka mahali pa kinga anajua anachofanya, na namuombea kila usiku ugonjwa wa meno. Baba Idi naye nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba mtu anayeuza asichokijua ndani yake ni nusu ya mwizi, na hajanisalimu tangu siku hiyo, na sawa tu. Lakini hasira iliyobaki haina pa kwenda ila hapa mezani.

Basi sikieni. Anayewauzia bloc na kuwakataza kufungua, mrudishieni bloc yake. Chaneni karatasi ya dhamana mbele yake. Dhamana itamrudishia nani diski? Fungueni, tafuteni koili na visahani pale umeme unapoingilia, angalieni kapasita, shikeni nyaya. Kisha taa ya lori, na muda wa kutosha, si dakika moja ya kupigia picha. Ile ya Kalonda nimempa Assani, nendeni mkaazime kwake, hana haki ya kuwanyima. Uzito pimeni pia, mkitaka, lakini uwe salamu tu, usiwe mazungumzo. Na swichi nyekundu mkiikuta kwenye mashine ya zamani, kateni nyaya zake. Na kitu ambacho hakiwezi kuandikwa tena, msikiweke sehemu moja, hata bloc iwe imetoka mbinguni.

Wiki moja baada ya ile hasara, Mama Feza alifika kutoka Lokandu. Nilikuwa peke yangu ofisini kwa kamati na daftari jipya. Miguu yake imevimba siku hizi, anakaa kwanza, anapumua, ndipo anauliza.

"Kuna habari?"

"Hapana, mama."

"Basi, unisomee."

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni umeme, ni mashine, ni watu wa nje. Nikamwambia ukweli: orodha imeungua, na bloc iliyoiunguza niliichagua mimi kwa mkono wangu huu, kwa kiburi, na taa ilikuwa nyuma yangu. Nilitamani anitukane. Ningepumzika. Alitazama mahali kompyuta ilipokuwa. Nje watu walikuwa wanasukuma baiskeli za mawese kuelekea mtoni.

"Chukua bic," akasema. "Andika."

Akasema mstari wake wote bila kusita, kwa maneno yaleyale, mpaka namna yangu ya kupumua katikati. Akina mama hawa wamesomewa miaka yote hii, kumbe walikuwa wanahifadhi. Tangu siku hiyo nimeandika mistari mingi kwa njia hiyo. Lakini kuna akina mama waliokwisha kufa, na waliohama bila kuaga, na mistari yao hakuna wa kuitamka. Najua ilikuwapo. Nakumbuka mmoja alikuwa na alama sikioni, sikumbuki sikio gani wala jina lake nani. Huyo ndiye ninayemuona nikitazama chuma hiki.

"Goti la kushoto," alisema Mama Feza. "Kovu ya uji. Kaptula ya kaki. Njia ya Lokandu. Kuku, usisahau."

"Nimeandika kuku."

Nilifika kwenye miaka, kalamu ikasimama. Nikamuuliza kama tuweke umri wa leo, maana sasa ni mwanaume mzima, labda ana watoto, na anayemtafuta hatamtafuta mtoto.

Mama Feza alinitazama kama aliyechoka kunieleza.

"Andika sita," akasema. "Akikuja, atasema mwenyewe iko na ngapi."

Nikaandika sita.